Hayati Joy Adamson, Mama wa Elsa

Leo nataka tumkumbuke hayati Joy Adamson. Alizaliwa mwaka 1910 huko Troppau, mji ambao sasa uko Jamhuri ya Cheki, akafika Kenya mwaka 1937.

Mwaka 1956 mumewe George, aliyekuwa bwana nyama, alimuua simba jike aliyemshambulia, akarudi nyumbani na watoto wake watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam, Uholanzi. Mdogo wao, Elsa, akabaki.

Hebu fikirieni, simba kulala kitandani kama paka! Lakini mimi simsifu Joy kwa kufuga, namsifu kwa kuachilia. Elsa hakujua kuwinda. Joy na George walimfunza kwa subira hadi akajitegemea porini Meru, akazaa watoto watatu. Alikufa mwaka 1961, na kaburi lake liko huko huko.

Joy aliuawa tarehe 3 Januari 1980 huko Shaba, alikokuwa akimlea chui, Penny. Majivu yake yalipelekwa Meru, kwa Elsa wake.

Ndugu zangu, kumfungia mnyama ni rahisi. Ampendaye kweli humrudishia pori lake, hata kama moyo unauma.