Bibi Katharine Cook wa Mengo

Wasomaji wa gazeti letu, bila shaka wengi wenu mmekwisha kusikia jina la Daktari Albert Cook, maana kila mtu aelezaye habari za hospitali za Uganda huanza naye. Leo mimi nataka kuwasimulia habari za mkewe, Bibi Katharine, ambaye naona vitabu vimempa mistari michache mno.

Tena nina sababu yangu. Dada yangu anasomea uuguzi hapa Bujumbura. Jioni, nyumbani kwetu Bwiza, huketi mezani na sindano na machungwa, akidunga na kuchomoa, akidunga na kuchomoa, na wadogo zetu huyala machungwa hayo yakiwa yamejaa maji. Kitabu chake anakijua kwa ghibu. Lakini siku alipoambiwa amdunge mgonjwa wa kweli, mikono ilimtetemeka, na aliyekuwa akimsimamia akamnyang'anya sindano mbele ya watu. Alirudi nyumbani akasema haendi tena. Baba hakusema neno. Mama alisema tu ale kwanza. Mimi nilikwenda maktaba kutafuta jinsi wauguzi wa kwanza wa nchi zetu hizi walivyofundishwa kazi, ndipo nikakutana na Bibi huyu.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1863, jina lake Katharine Timpson, akajifunza uuguzi kwao. Mwaka 1896 alijiunga na msafara wa wamisionari wa C.M.S. waliokuwa wakienda Uganda, na katika msafara ule alikuwamo daktari kijana, Albert Cook, aliyezaliwa mwaka 1870. Siku hizo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imeanza tu kujengwa. Kisumu haikufika mpaka mwaka 1901. Basi walitembea kwa miguu karibu miezi mitatu, pamoja na wapagazi, wakafika Mengo mwezi wa Februari 1897.

Mwaka ule ule hospitali ilifunguliwa, nyumba ya miti na matete iliyoezekwa nyasi, na Bibi Katharine akawa mkuu wa wauguzi. Nani walikuwa wauguzi wenyewe? Hakuna aliyekuwa amesomea kazi hiyo. Na kazi haikungoja watu wasome kwanza, maana katika mwaka huo huo Kabaka Mwanga aliasi, kisha askari wa Kisudani nao wakaasi, na majeruhi wakaletwa Mengo. Waliosaidia walijifunza kidonda kikiwa mbele ya macho yao. Mwaka 1900 Bibi Katharine na daktari wakaoana. Mwaka 1902 radi ikaliteketeza jengo la hospitali, wakajenga jingine la matofali. Yeye akaendelea na ukuu wa wauguzi mpaka mwaka 1911.

Mwaka huo wa 1911, huko Hartford, Marekani, hospitali moja iliagiza kwa Bibi Martha Chase, fundi wa kushona wanasesere, mwanasesere mwenye kimo cha mtu mzima. Wanafunzi wa uuguzi wakamtumia kujifunzia kumgeuza mgonjwa, kumvika na kumtandikia kitanda. Ndiye babu wa wanasesere wote wanaotumika leo katika shule za wauguzi (au niseme bibi, kwa kuwa walimwita Bi. Chase). Naam, na machungwa ya dada yangu ni wajukuu wake maskini.

Sasa nafika kwenye kazi iliyomfanya Bibi Katharine akumbukwe. Serikali ya Kiingereza ilikuwa na hofu kwamba watu wa Uganda wanapungua. Kanali mmoja daktari, jina lake Lambkin, alitoa taarifa mwaka 1908 akidai kwamba kaswende imeenea kupita kiasi. Baadaye ilionekana kwamba hesabu yake ilitiwa chumvi, na wengi waliohesabiwa kuwa na kaswende huenda walikuwa na buba, ugonjwa mwingine kabisa wenye vidonda vinavyofanana. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia, na watoto walikuwa wakifa kweli. Kwa hiyo mwaka 1921 ikafunguliwa Mengo shule ya wakunga, ikaitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa wakati ule. Mwanzilishi wake ni Bibi Katharine. Ng'ambo ya pili ya mji, kilimani Nsambya, masista wa Mama Kevin, yule Mwirlandi ambaye watu walimwita Mama Kevina, nao walianza kufundisha wakunga katika miaka hiyo hiyo. Nawataja kwa sababu wasomaji Wakatoliki wangenilaumu nisipowataja.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wamisionari hawakulisema vizuri. Waliandika kana kwamba kabla yao hapakuwa na mkono uliojua kazi. Si kweli. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Robert Felkin, alikuwa Kahura, katika nchi ya Bunyoro, akaona kwa macho yake mganga wa pale akimpasua mwanamke aliyeshindwa kuzaa. Mganga alimpa pombe ya ndizi, hii hii tuiitayo urwarwa, mpaka akalegea. Akaosha kwa pombe hiyo mikono yake na tumbo la mama. Akapasua, akamtoa mtoto, akazuia damu kwa chuma cha moto, akafunga jeraha kwa misumari myembamba iliyozungushiwa uzi, kisha akalifunika kwa dawa na nguo ya gome la mti. Baada ya siku 11 jeraha lilikuwa limepona, mama na mtoto wote wazima. Habari hizo Felkin alizitangaza Edinburgh mwaka 1884. Mtu hafanyi kazi ya namna ile mara ya kwanza kwa kubahatisha. Naamini alisimama miaka mingi nyuma ya mwalimu wake, akimshikia kisu na kutazama, kabla ya kuachiwa kisu mwenyewe.

Bibi Katharine naye, ingawa hakumtaja mganga yule, alifuata njia ile ile. Alichukua wasichana waliosoma katika shule za misheni. Hilo peke yake lilikuwa jambo zito, kwa maana mwenye kumzalisha mwenzake alikuwa mwanamke mzima aliyekwisha kuzaa, si binti asiyeolewa. Shule ilikuwa pamoja na wodi za wazazi, hata darasa na kitanda vikawa majirani. Mwaka 1923 Daktari Cook alitoa kitabu cha ukunga kwa lugha ya Kiganda, Amagezi Agokuzalisa. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa neno la mwisho: ni kuzalisha. Mimi nimelifurahia sana jambo hili. Dada yangu anasoma kwa Kifaransa, anafikiri kwa Kirundi, anamtuliza mgonjwa wa Buyenzi kwa Kiswahili. Wasichana wa Mengo walipewa maarifa yao kwa lugha ile ile ambayo mama mwenye uchungu angewalilia.

Lakini lililonishika zaidi ni hili. Walipohitimu, wasichana hawakuachwa. Walipelekwa mashambani, katika vituo vya uzazi vilivyo mbali na daktari yeyote, binti mmoja mmoja na mikono yake. Na Bibi Katharine, zaidi ya kuwa msimamizi mkuu wa wakunga, alikuwa mkaguzi wa vituo hivyo vya mashambani. Alikuwa karibu na miaka 60 shule ilipofunguliwa, umri ambao wengine huketi barazani. Yeye aliwafuata wanafunzi wake huko huko walikokuwa wakifanya kazi.

Huenda mtu akauliza: mwenye cheti anafuatwa kwa nini? Jibu limetoka karibu karne moja baadaye, tena si Ulaya, bali Haydom, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2010 wafanyakazi wa hospitali ya pale walifundishwa kwa siku moja, kwa kutumia mwanasesere wa mtoto mchanga, namna ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Baada ya mafunzo, mbele ya mwanasesere walifanya vizuri sana. Lakini watafiti walipotazama kwenye chumba cha kuzalia, kwa watoto wa kweli, kazi haikuwa imebadilika. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2013. Hawakuwafukuza wakunga, wala hawakusema kwamba ni wavivu. Walimweka mwanasesere pale pale kazini, watu wakawa wanafanya mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, na ya dakika 40 kila mwezi. Mwaka 2015 walitangaza kwamba watoto waliokufa katika saa 24 za kwanza walipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000.

Nilipomsomea dada habari hizi za Haydom aliniambia nirudie. Wale walikuwa wakunga wa kazi, wazoefu, wala siku moja haikuwatosha. Yeye je, aliyeshika sindano mara moja?

Bibi Katharine aliitwa Lady Cook tangu mwaka 1932, mumewe alipopewa heshima na mfalme wa Uingereza. Alifariki mwaka 1938, baada ya kuishi Uganda miaka zaidi ya 40. Daktari alimfuata mwaka 1951. Wamezikwa Namirembe, kilima kile kile cha hospitali yao. Daktari aliacha daftari za wagonjwa wake tangu mwaka 1897, na wenye elimu wamezisoma sana, hata kuchunguza habari za saratani. Majina ya wasichana wa kwanza waliotumwa mashambani sikuyaona popote nilipotafuta. Kama mmoja wenu, ninyi mliotutangulia, anayo, tafadhali amwandikie mhariri.

Dada amerudi wodini tangu Jumatatu. Machungwa hataki tena. Sasa jioni hunifunga mpira juu ya kiwiko na kutafuta mshipa kwa vidole tu, bila sindano, macho ameyafumba, huku mama akishika taa umeme unapokatika. Jana aliupata mara nane kati ya kumi. Ile miwili aliyoikosa alisema ni kosa la mkono wangu.