Abul Hasan al-Ash'ari

Abul Hasan Ali bin Ismail al-Ash'ari (Basra, Iraq, 874 hivi – Baghdad, 936 hivi) alikuwa mwanateolojia wa Uislamu. Anajulikana hasa kwa msimamo wake kwamba akili ya binadamu haiwezi kuwa mizani ya kupimia uadilifu wa Mungu. Shule ya Kiashari ya teolojia imepata jina lake kwake.

Maisha

Alikuwa wa ukoo wa Abu Musa al-Ash'ari, sahaba wa Mtume Muhammad. Alisoma kwa Abu Ali al-Jubbai, kiongozi wa Muutazila wa Basra. Hao walifundisha kwamba akili hutambua mema na mabaya hata bila ufunuo, na kwamba Mungu, kwa kuwa ni mwadilifu, hana budi kuwatendea waja wake yaliyo bora. Akiwa na umri wa miaka 40 hivi aliachana nao.

Kisa cha ndugu watatu

Kadiri ya masimulizi ya baadaye, alimwuliza mwalimu wake juu ya ndugu watatu waliokufa: mmoja mwema, mmoja mwovu na mmoja mtoto. Al-Jubbai alijibu kwamba mwema atapata daraja ya juu peponi, mwovu ataadhibiwa, na mtoto atasalimika tu. Kama mtoto angelalamika kwamba hakupewa muda wa kutenda mema, angeambiwa kuwa Mungu alijua angekuja kuasi, akamfisha kwa faida yake. Hapo mwanafunzi aliuliza kwa nini basi yule mwovu hakufishwa utotoni. Mwalimu alikosa jibu. Wanahistoria wengi hukitilia shaka kisa hicho, lakini kinaeleza vizuri kiini cha mabishano.

Mafundisho

Kwake, hakuna sheria iliyo juu ya Mungu: jambo ni la haki kwa kuwa yeye amelitenda au ameliamuru. Aya ya 23 ya Surat al-Anbiya, inayokana kwamba Mungu huulizwa juu ya matendo yake, ni hoja muhimu ya msimamo huo. Wapinzani walijibu kwamba, ikiwa hivyo, kumwita Mungu mwadilifu hakuna maana tena. Waliuliza pia vipi mtu aadhibiwe kwa tendo lililoumbwa na Mungu. Al-Ash'ari alifundisha kwamba Mungu huumba tendo, naye mtu hulichuma, hivyo anawajibika. Hata hivyo hakuikataa akili. Aliitumia kutetea imani.

Urithi

Kati ya vitabu vyake ni Maqalat al-Islamiyyin, kuhusu mafundisho ya makundi ya Waislamu. Shule yake iliendelezwa na al-Baqillani, al-Juwayni na al-Ghazali, ikaenea hasa kati ya Washafii na Wamaliki, wakiwemo wanazuoni wa Kishafii wa pwani ya Afrika Mashariki.