Kinyanjui wa Gathirimu: Chifu aliyetokana na ngome

Kabla ya Kawangware kujaa nyumba za mabati, nchi ile ilikuwa sehemu ya Dagoretti, ambako misafara ya kwenda Uganda ilisimama kununua chakula kwa Wakikuyu. Huko ndiko Kinyanjui wa Gathirimu alikopata mamlaka ambayo mababu zake hawakuyajua.

Wakikuyu hawakuwa na mfalme. Mashauri yalikatwa na mabaraza ya wazee, na vita viliongozwa na wapiganaji waliojipatia sifa. Mmoja wa wakuu hao, Waiyaki wa Hinga, alikula kiapo cha udugu na Kapteni Frederick Lugard mwaka wa 1890. Udugu haukudumu. Ngome ya Dagoretti iliteketezwa, ikajengwa nyingine, Fort Smith, mwaka wa 1891. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa, na akiwa njiani kupelekwa Pwani akafia Kibwezi.

Pengo hilo lilimfaa Kinyanjui, mtu asiye na mali wala ukoo wenye jina. Aliwaongoza wageni wa Fort Smith, akawatafutia chakula, kisha akawapa vijana wa kwenda nao vitani. Mifugo ikitekwa, waliosaidia walipata fungu lao. Hivyo maskini akawa na ng'ombe, wake na wafuasi wengi. Waingereza wakamfanya chifu mkuu, cheo kigeni kabisa katika mila.

Ni serikali iyo hiyo iliyowapa askari wake Wanubi makazi Kibera, jirani na Dagoretti, bila hati za kumiliki ardhi. Naye Kinyanjui, pamoja na ukubwa wake wote, hakuweza kuizuia isiwagawie walowezi mashamba ya Wakikuyu wa Kiambu. Vijana walichoka kungoja machifu. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, walioandamana Nairobi wakapigwa risasi, machifu wa Kiambu walikuwa upande wa serikali.

Kinyanjui alifariki mwaka wa 1929 kwa ugonjwa wa mguu. Mwandishi Karen Blixen, aliyekuwa mkulima wa kahawa karibu na Ngong, alisimulia baadaye kwamba mzee alimwomba amchukue nyumbani kwake akafie huko, asipelekwe hospitali ya misheni. Blixen, akihofia lawama iwapo angemfia mikononi, alikataa. Mzee akapelekwa misheni, akafia huko, na wamisheni wakamzika kwa ibada ya Kikristo.