Livingstone: Mpanda farasi aliyeishia kubebwa kwa kitanda

Kutoka Kindu kushuka mto Lualaba hadi Lokandu, mizigo leo husafiri kwa mtumbwi, baiskeli, pikipiki na kichwani. Farasi humwoni, punda ni nadra. Sababu kubwa ni mdudu mdogo, mbung'o, na mmoja wa watu wa kwanza kuandika kwa kina madhara yake kwa wanyama alikuwa David Livingstone, daktari na mmisionari wa Uskoti aliyeutaka sana mto huu na asiufikie upande wa Lokandu.

Livingstone alizaliwa Blantyre, Uskoti, tarehe 19 Machi 1813. Akiwa na umri wa miaka 10 aliingia kufanya kazi katika kiwanda cha pamba, saa zipatazo 14 kwa siku, na jioni akaenda darasani. Huenda ndiko alikozoea kuusukuma mwili kupita kiasi. Alisomea udaktari Glasgow, na mwaka 1841 akafika kusini mwa Afrika.

Huko aliona misafara ya Wazungu ikipoteza ng'ombe na farasi kwa mbung'o. Aliwahi kumpa farasi jike aliyeumwa na mbung'o dawa ya aseniki. Farasi akapata nafuu, manyoya yakang'aa, kisha baadaye akafa. Livingstone hakuficha kushindwa huko. Aliandika habari hiyo katika jarida la madaktari la Uingereza mwaka 1858. Sayansi ilimfuata miaka mingi baadaye, pale David Bruce alipoonyesha, katika miaka ya 1890, kwamba mbung'o hubeba kijidudu kinacholeta ugonjwa wa nagana.

Jaribio lake kubwa lilikuja mwaka 1866. Aliondoka Zanzibar siku aliyotimiza miaka 53, akashuka Mikindani na ngamia 6, nyati watatu wa kufugwa kutoka India pamoja na ndama mmoja, nyumbu 2 na punda 4. Alitaka kujua ni mnyama gani angeweza kuhimili mbung'o, ili mizigo itoke kwenye mabega ya binadamu. Kwa mtu aliyepinga biashara ya utumwa, hilo halikuwa jambo dogo: pembe za ndovu zilibebwa na watu, na wengi wao walikuwa watumwa.

Njia za kandokando ya Ruvuma zilikuwa nyembamba, za kupita mtu mmoja mmoja. Ikabidi kuwaajiri Wamakonde wenye mashoka wafyeke vichaka ngamia wapite. Lakini tatizo kubwa lilikuwa jingine. Wanyama walikabidhiwa kwa askari 13 kutoka Bombay, na hao hawakuwa na haraka wala huruma. Waliwatwika kupita kiasi, wakawasimamisha juani badala ya kuwapeleka malishoni, wakawapiga kwa fimbo hadi migongo ikajaa vidonda. Yeyote aliyewahi kufuga punda anajua: mnyama wa safari hupandishiwa mzigo kidogo kidogo, hunyweshwa na kulishwa kabla hajachoka, na kidonda cha mgongo hutibiwa siku hiyo hiyo.

Ndama wa nyati alipotoweka, askari walidai ameliwa na chui milia. Livingstone akawauliza kama waliiona milia yake. Wote wakakubali kwamba waliiona vizuri kabisa. Afrika haina mnyama huyo, na daktari akaelewa ndama alikoishia.

Katika miezi michache karibu wanyama wote walikuwa wamekufa. Mbung'o waliwauma, ndiyo, lakini kipigo na uchovu navyo viliwamaliza, na hapakuwa na njia ya kutenganisha kimoja na kingine. Jaribio likaharibika. Mwezi Julai, kwenye mji wa Mataka, chifu wa Wayao, aliwarudisha askari pwani.

Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Mtu aliyeona vizuri ukatili wa kumchosha ngamia hakuupa mwili wake mwenyewe nafasi hiyo. Alipoteza sanduku la dawa Januari 1867, akaendelea. Alitafuna mahindi makavu hadi meno yakalegea na kung'oka, na bila meno chakula kikazidi kuwa shida. Huko Maniema, mwaka 1870, vidonda vya miguu vilimlaza kwa miezi huko Bambarre.

Machi 1871 alifika Nyangwe, juu ya mto kutoka Kindu ya leo. Alitaka mitumbwi ashuke Lualaba, ajue kama ni Nile au ni Kongo. Alikaa karibu miezi minne bila kuipata. Tarehe 15 Julai aliona wafanyabiashara wenye bunduki wakiua mamia ya watu sokoni, wengi wao wanawake. Akageuka, akarudi Ujiji. Njia ya maji ya kupita Lokandu aliiacha kwa Stanley, aliyeifuata mwaka 1876, sehemu ya kwanza akiwa na Tippu Tip.

Stanley naye alipokuja kumtafuta, mwaka 1871, alianza na farasi wawili. Wote walikufa muda mfupi baada ya kutoka Bagamoyo. Chifu wa Kingaru alidai faini kwa farasi mmoja kuzikwa katika ardhi yake. Stanley akatishia kumfukua na kumwacha pale pale juu, na dai likaisha.

Safari ya mwisho ya Livingstone, akizunguka mabwawa ya Bangweulu katika Zambia ya leo, ilifanyika akitokwa damu tumboni. Alipanda punda hadi tarehe 21 Aprili 1873, siku alipojaribu kupanda akashindwa. Watu wake, wakiwemo Susi na Chuma, wakatengeneza kitanda cha kumbeba. Alifariki kwa Chitambo mwanzoni mwa Mei.

Waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na akazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili. Punda aliyempanda hakufika pwani. Njiani, usiku mmoja, aliuawa na simba, na wapagazi wakaendelea kwa miguu.