Mwalimu Mallory na Saa Isiyosema

Matajiri wa dunia hununua saa za fahari zilizoundwa kwa idadi ndogo na kuuzwa kwa sifa za wapanda milima. Bei ya baadhi ya saa hizo yatosha kumlipia mwanafunzi wa bweni karo ya miaka minne. Hata hivyo, saa iliyo na funzo kubwa kuhusu milima haiuzwi dukani. Ilipatikana mfukoni mwa mwalimu wa shule, miaka 75 baada ya kifo chake.

Mwalimu huyo ni George Mallory. Alizaliwa Juni 18, 1886, huko Mobberley, Uingereza, akiwa mwana wa kasisi. Alisomea historia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1910 akaanza kufundisha katika shule ya Charterhouse. Hakuwa mwalimu wa kutisha. Aliwaazima wanafunzi vitabu, na wengine akawapeleka milimani wakati wa likizo. Mmoja wao, Robert Graves, alikuja kuwa mshairi mashuhuri, na katika kitabu chake cha mwaka 1929 alimkumbuka mwalimu huyu kwa upendo.

Mwaka 1914 Mallory alimwoa Ruth Turner, nao wakajaliwa watoto watatu. Alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa mwanajeshi wa mizinga, akarudi salama. Kisha Everest ikamwita. Mwaka 1921 aliacha ualimu, akajiunga na msafara wa kwanza wa Waingereza kuuchunguza mlima huo. Alirudi tena mwaka 1922. Katika safari hiyo theluji iliporomoka, ikawaua wapagazi saba waliokuwa wakipanda pamoja naye. Mallory alijilaumu kwa vifo hivyo.

Hata hivyo, mwaka 1924 alirejea, akiwa na umri wa miaka 37. Juni 8 aliondoka kambi ya juu pamoja na Andrew Irvine, kijana wa miaka 22 aliyekuwa mwanafunzi wa Oxford. Adhuhuri ilipopita kidogo, mwenzao Noel Odell aliwaona kwa mbali wakipanda. Wingu likawafunika, wasionekane tena.

Mwaka 1933 Percy Wyn-Harris, afisa wa serikali ya kikoloni hapa Kenya aliyewahi kupanda kilele cha Nelion cha Mlima Kenya, aliliona shoka la barafu la mmoja wao. Mei 1, 1999, mwili wa Mallory ulipatikana, mguu umevunjika na kamba ingali kiunoni. Saa yake ya mkononi ilikuwa mfukoni, imeharibika. Haikuweza kusema iwapo bwana wake alianguka akipanda au akishuka.

Tangu hapo wataalamu wanabishana: je, alifika kileleni kabla ya Edmund Hillary na Tenzing Norgay, waliofika Mei 29, 1953? Kwa maoni yangu, swali hilo limepewa uzito kupita kiasi. Hillary na Tenzing walifika, kisha wakarudi kusimulia. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Ruth aliachwa na watoto watatu wa kulea, nao wazazi wa Irvine wakampoteza kijana wao. Wale wapagazi saba hatuwataji hata kwa majina tunaposimulia ushujaa huo.

Simbezi Mallory. Ujasiri wake ulikuwa wa kweli, na kijana asiyethubutu hafiki popote. Lakini sisi walimu, tunapowahimiza vijana wapande, tuwafunze pia kuhesabu gharama, ikiwemo ile inayolipwa na wengine. Nasi tukumbuke kwamba kilele cha Mallory kina shaka hadi leo, ilhali vitabu alivyomwazima mvulana mmoja wa Charterhouse vilizaa matunda ambayo hakuna anayeyabishia.