Frank Hornby, Karani Aliyetutobolea Vyuma

Katika jarida hili la chama chetu wenzangu huandika maisha ya washairi, marais na wakimbiaji mashuhuri, nami nawapa heko. Mwaka huu niruhusuni niwaletee karani mmoja wa Uingereza ambaye kazi yake ilikuwa kuandika hesabu za nyama. Jina lake ni Frank Hornby. Kama hujawahi kulisikia usijali.

Hornby alizaliwa tarehe 15 Mei 1863 mjini Liverpool, mji wa bandari kama huu wetu. Babake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Frank aliacha shule akiwa na miaka 16, yaani umri wangu hasa, akaingia katika biashara ya babake kama keshia. Uhandisi hakuusomea popote. (Walimu msiniangalie hivyo, simshawishi mtu avue sare.) Mwaka 1887 alimwoa mwalimu aliyeitwa Clara Godefroy, na wakajaliwa wavulana wawili, Roland na Douglas, na binti mmoja, Patricia.

Mwaka 1899 babake akaaga dunia na ile biashara ikafungwa. Mtu wa miaka 36, ana mke na watoto, kazi hana. Basi akaajiriwa kuweka vitabu vya hesabu katika kampuni ya David Elliott iliyoagiza nyama kutoka ng'ambo. Mchana kutwa ni tarakimu tu. Jioni akifika nyumbani alikata bamba jembamba kwa mkono na kuwaundia wanawe kreni, daraja na magari ya mizigo. Hapo ndipo alipokutana na tatizo ambalo hata mimi nalijua vizuri sana.

Sisi tuliokulia Changamwe tuliunda magari yetu kwa waya. Mwili waya, usukani waya mrefu wenye kukunjwa juu, magurudumu ya ndara zilizokatika, taa vifuniko vya soda. Ukibahatika kupata kopo la Kimbo, hilo ni tangi na gari lako sasa ni la kubeba mafuta. Jamani, yale magari yalikuwa na raha yake! Tulishindana kuanzia duka la mkaa mpaka msikitini, vumbi limetujaa hadi kwenye kope. Siku nyingine ilikuwa hakuna kucheza, tulikaa tu na koleo chini ya mkungu, kila mtu amenyamaza akikunja. Sasa ndugu yangu mdogo ana mchezo wa magari ndani ya simu ya mama. Magari yenyewe yanang'aa ajabu, ila hawezi kulifungua hata moja aone ndani kuna nini.

Lakini gari la waya lina kasoro moja. Likishakunjwa ni gari hilohilo mpaka life. Kesho ukitaka kreni kama zile za Kilindini, utakunjua, utanyoosha, na waya utakukatikia mkononi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Hornby. Kipande alichokata kwa ajili ya kreni hakikufaa kwenye daraja. Akawaza, je, vipande vyote vikiwa na upana mmoja, nusu inchi, na matundu yaliyoachana kwa kipimo kimoja, nusu inchi vilevile? Hapo tundu lolote litakutana na tundu lolote. Utafunga kwa bolti na nati, utacheza, kisha utafungua na kuanza upya. Tundu hilohilo litashika bolti na pia litapitisha ekseli ya gurudumu. Fikra ndogo kama hiyo, lakini nani mwingine aliiwaza?

Kuwaza ni kitu kimoja na pesa ni kitu kingine. Ili kusajili hataza alihitaji pauni 5, na karani huyu hakuwa nazo. Alimwomba mwajiri wake, Bwana Elliott, naye akamkopesha. Mimi humheshimu sana Elliott kwa tendo hili. Ni matajiri wangapi wangemcheka karani wao na vibati vyake? Hataza iliombwa Januari 1901. Mwaka 1902 boksi la kwanza likaingia madukani, lina vipande 16 tu na karatasi ya kuonyesha vitu 12 vya kuunda. Profesa Hele-Shaw, mkuu wa uhandisi katika chuo kikuu cha Liverpool, aliusifu mchezo ule, na sifa zake zikasaidia kufungua milango ya wauzaji.

Msidhani utajiri ulimiminika kama mvua ya masika. Mwaka 1903 yaliuzwa maboksi 1,500 na faida haikupatikana hata kidogo. Faida ya kwanza, nayo ndogo, ilikuja mwaka 1906. Miaka yote hiyo bado alikuwa karani! Vipande alitengenezewa na watu wengine, na ilipofika 1907 hawakuweza tena kutosheleza wanunuzi. Hornby akajifunga kibwebwe, akaacha kazi ya mshahara, akapanga karakana katika barabara ya Duke Street. Mwaka huohuo akasajili jina jipya la mchezo wake, Meccano. Mwaka 1908 kampuni ilipoundwa, Elliott aliamua kutojiunga nayo.

Mwaka 1914 kilifunguliwa kiwanda kikubwa barabara ya Binns Road, hukohuko Liverpool. Mwaka 1916 likaanza jarida la Meccano la kuwafundisha watoto mambo ya mitambo. Mwaka 1920 zikaja garimoshi ndogo zenye jina la Hornby, na mwaka 1934 vigari vya Dinky. Karani wa nyama akawa milionea mwenye dereva. Aliingia hata bungeni, mbunge wa Everton tangu 1931 hadi 1935, jambo ambalo kwangu halina utamu kama matundu yake.

Sasa niseme kinachonikera. Ile hataza ya 1901 ilizungumza juu ya watoto na vijana, haikuchagua. Lakini maboksi yalipoanza kuuzwa sana yalichorwa wavulana, na matangazo yakaitwa uhandisi wa wavulana. Wasichana tulikuwa wapi? Nilipokuwa darasa la tatu mama aliniletea boksi kutoka mitumba ya Kongowea, bati jekundu limechakaa, ndani mna vipande vya kijani na vyekundu, puli mbili na spana moja iliyopinda. Jamaa mmoja wa nyumbani akasema vitu hivyo wapewe binamu zangu wa kiume, mimi nitafutiwe mwanasesere. Mama akamjibu kwamba aliyenunua ndiye anayejua alimnunulia nani. Mjadala ukaishia hapo. Leo katika darasa letu la fizikia wasichana tuko sita, na tulipofika kwenye somo la puli sikuhitaji kuchorewa ubaoni.

Na asije mtu akaniambia ni mchezo wa kitoto. Mwaka 1934 mwanahisabati Douglas Hartree na mwanafunzi wake Arthur Porter, wa chuo kikuu cha Manchester, waliunda mashine ya kutatua milinganyo migumu ya hisabati, na sehemu zake nyingi zilikuwa vipande vya Meccano. Gia na vyuma vya dukani vya watoto, vikifanya hesabu za maprofesa! Hornby alikuwa bado hai. Sijui mnionavyo, lakini mimi ningekuwa yeye ningelala na hiyo habari chini ya mto.

Alifariki tarehe 21 Septemba 1936 mjini Liverpool akiwa na miaka 73, na mwanawe Roland akashika uongozi. Kiwanda cha Binns Road kiliendelea mpaka mwisho wa Novemba 1979 kilipofungwa ghafla, na wafanyakazi wakakataa kutoka ndani. Kwa jumla kiliishi miaka 65. Meccano iliendelea kutengenezwa Ufaransa, na nusu inchi ya Hornby haikubadilishwa, ndiyo maana kipande cha zamani na cha juzi hufungana bila kugombana.

Boksi langu bado ninalo. Vipande vingi vipo, nati ndizo zimepungua, na kreni yangu haiwezi kusimama vizuri kwa sababu ya nati nne. Aliye na nati ndogo nyumbani, za redio mbovu au za baiskeli ya mtoto, tafadhali aje tuzijaribu. Nipo Kidato cha 3, dawati la pili dirishani.