Aliyeiona Theluji na Aliyeikataa

Mwaka wa kwanza nilisambaza kwenye grupu ujumbe kwamba mikopo ya kozi yetu imefutwa. Ulikuwa na nembo na muhuri, nikaona inatosha. Mwenzangu mmoja akafunga begi akarudi kwao, akakosa majaribio mawili. Ujumbe ulikuwa wa uongo. Hadi leo nikikutana naye naona aibu.

Likizo ile nilikuwa nyumbani Same. Asubuhi, ukiwa upande wa Mkomazi kabla mawingu hayajapanda, unaiona Kilimanjaro kwa mbali na kofia yake nyeupe. Ndipo nikamkumbuka Johannes Rebmann.

Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820. Alifika Mombasa mwaka 1846 kama mmisionari, akaungana na Ludwig Krapf kule Rabai. Tarehe 11 Mei 1848, akitoka Taita kwenda Uchagani na kiongozi wa msafara Bwana Kheri, aliona kilele cheupe. Alipouliza ni nini, mwenzake mmoja alijibu ni baridi, basi. Rebmann, aliyekulia kwenye theluji, akaelewa palepale. Baadaye akaambiwa kwamba kile kitu cheupe kikiletwa chini hugeuka maji.

Habari ilichapishwa London mwaka 1849. Akainuka William Desborough Cooley, mwanajiografia mwenye jina kubwa ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, akaikataa katakata. Kwake, theluji karibu na Ikweta ilikuwa njozi tu. Na kwa kuwa Cooley alikuwa msomi, wengi wakamwamini yeye badala ya mtu aliyekuwepo.

Sisi wa Same tungemcheka. Stendi pale jua linachoma, lakini panda gari la Chome uone kama hutatafuta sweta njiani. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Shengena yetu ina mita 2,462 tu. Kilimanjaro ina 5,895. Joto la bondeni halikupi jibu la kileleni.

Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken alikwenda mlimani pamoja na mwanajiolojia Richard Thornton, wakathibitisha. Mwaka uliofuata alirudi na Otto Kersten, theluji ikawaangukia kabisa. Cooley? Hakukubali hata hapo.

Lakini jamani, tusimfanye Rebmann malaika. Yeye na Jakob Erhardt walikusanya habari kwa wasafiri wa misafara. Wa njia hii walisema bara kuna ziwa kubwa, wa njia ile vilevile. Wao wakaunganisha yote, wakachora ziwa moja refu lililojikunja kama konokono asiye na gamba. Ramani hiyo ikazunguka Ulaya miaka ya 1855 na 1856. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Tanganyika, kisha Speke akafika Viktoria. Ukiongeza Nyasa, yalikuwa maziwa matatu. Wasafiri hawakudanganya, kosa lilikuwa kwenye kuunganisha.

Rebmann aliishi pwani miaka karibu 29. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866, naye macho yakampotea. Mwaka 1875 alirudishwa kwao akiwa kipofu, akiongozwa na Isaac Nyondo wa Rabai. Akafariki Korntal mwaka 1876.

Mtu yuleyule alikuwa sahihi kuhusu mlima na akakosea kuhusu ziwa. Mlima aliuona, ziwa alilikisia. Kwa hiyo siku hizi ujumbe ukiingia kwenye simu yangu, siulizi kwanza aliyetuma ana cheo gani. Nauliza nani ameona kwa macho yake, na nani ameunganisha tu alichosikia. Nikikosa jibu, nauacha ulale hapohapo kwangu. Mwakani nitakuwa darasani na chaki mkononi, na wanafunzi wangu nao wana simu.